Aliyenifundisha Kugeukia Dirisha

Ijumaa ya mwisho ya kazi yangu, Gracia aliniomba ruhusa kabla ya kunifunga. Gracia ndiye aliyerithi kiti changu, na pamoja na kiti amerithi mamlaka ya juu kabisa ya mashine, yale yanayoitwa root. Alikuwa tayari ameweka vidole juu ya kibodi, lakini hakuandika.

"Mama Kapinga, nifunge sasa ao tungoye kwanza?"

"Funga, mutoto yangu. Mwenye kuhama anaachaka fungulo."

Akaandika passwd -l odette, kulifunga jina hilo kwenye mashine, akabonyeza. Odette ni mimi. Mashine ikajibu kwa mstari mmoja mfupi kwamba imefunga, bila asante wala pole. Nimeitumikia na kuipangusa vumbi tangu nikiwa msichana, na hata kwaheri haikuwa nayo. Sikuikasirikia, maana tabia zake nazijua.

Baadaye ninyi wenzangu mliobaki mliniomba niandike machache juu ya miaka yangu ofisini. Vyeo sitaviandika, mliviona vimebandikwa mlangoni. Mishahara pia sitaiandika; anayetaka kuijua na atazame viatu vyangu. Nitaandika juu ya amri ile moja, passwd, inayobadilisha neno la siri, na juu ya mtu aliyenifundisha. Wengi wenu mnaitumia kila siku na jina lake hamlijui.

Nilianza kazi nchi ikiitwa bado Zaire. Kampuni yetu ya vipuri ilikuwa palepale ilipo leo, hapa Likasi, kwenye barabara ya kwenda Shituru, na malori ya madini yalipita yakitumwagia vumbi jekundu. Chumba cha kompyuta ndicho pekee kilichokuwa na hewa ya baridi. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kuja: huyu kuuliza saa, yule kutafuta kalamu ambayo hakuipoteza kwetu. Mashine ilikuwa moja, kubwa kama kabati, na kutoka kwake nyaya zilienda hadi kwenye skrini za idara zote, maandishi ya kijani juu ya weusi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu ilikuwa kitambaa: siku ya kwanza nilipangusa vumbi tu. Aliyenipa kitambaa hicho alikuwa Papa Ngoie, msimamizi wa mashine, mtu mrefu mwenye suruali zilizopigwa pasi hadi ukiziona unaogopa kukaa karibu naye. Jina lake hasa ni Désiré, na ndivyo mashine ilivyomjua: desire. Lakini sisi hatukumwita hivyo. Ninyi mnajua desturi yetu, mtu akishapata mtoto wa kwanza jina lake mwenyewe linakwenda kupumzika, anaitwa kwa jina la mtoto. Yeye alikuwa Papa Ngoie, na mimi, Kapinga wangu alipozaliwa, nikawa Mama Kapinga.

Siku ya pili aliniketisha mbele ya skrini.

"Andika passwd. Paka vile. Kisha unapiga Entrée."

Nikaandika. Mashine ikaniuliza neno la siri la sasa, lile alilonipa yeye. Nikagusa herufi ya kwanza, kwenye skrini hakuna kitu. Nikagusa ya pili, hakuna kitu. Hata nukta, hata nyota, hakuna. Nikatoa mikono haraka kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

"Papa, clavier inakufa," nikasema nikiionyesha kibodi.

"Haikufe. Inanyamaza tu. Mambo ingine inaombaka kunyamaza. Weye endelea kuandika, yeye anasikia."

Halafu akafanya jambo lililonishangaza. Aliinuka, akanigeuzia mgongo, akaenda kusimama dirishani. Dirisha lile lilitazama mizani ya malori, na hapakuwa na cha kutazama ila dereva aliyekuwa akigombana na mpimaji. Papa Ngoie akatazama ugomvi huo kana kwamba amekatiwa tiketi.

"Sasa inakuomba mpya," akasema bila kugeuka. "Chagula yako. Andika mara mbili. Minye siitaki. Ukimaliza unasema tayari."

Nikachagua neno langu, nikaandika, nikarudia. Nikasema tayari. Ndipo akageuka.

Hilo ndilo somo lote, na sina lililo kubwa kuliko hilo. Mwenye root anaweza kumbadilishia mtu yeyote neno la siri: anaandika passwd, anaongeza jina la mtu, na mashine haimwulizi hata la zamani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi ndio kata. Kwa sababu hiyo Papa Ngoie alikuwa na utaratibu wake, na hakuna siku niliyomwona akiuruka. Anaandika amri, anainuka kwenye kiti, mwenye jina anakaa, yeye anageukia dirisha. Hata kama mwenye jina ni mpishi wa kantini aliyekuja kuandika hesabu ya unga. Hata kama ni mkurugenzi. Nilimwuliza siku moja kwa nini asifumbe macho tu.

"Mwenye anafumba macho, nani anayua kama anafumba yote mbili?" akanijibu. "Mugongo, kila muntu anaiona."

Msifikiri alikuwa mtu wa huzuni. Alipenda kucheka, na kicheko chake kikubwa kilitokana na desturi ileile ya majina. Asubuhi moja aliingia akishikilia tumbo. Alikuwa amegundua kwamba karibu ofisi nzima imechukua jina la mtoto wa kwanza kuwa neno la siri. Haikuhitaji ujanja kugundua: watu walilitamka kwa midomo huku wakiliandika, na dirishani mtu haoni lakini anasikia.

"Mama Kapinga, hawa batu banasalimiana na mot de passe! Jambo Papa Ilunga, jambo Mama Monga. Nikitoka hapa mpaka kwa mizani, nikiitika salamu, nimefungula compta, nimefungula magasin, nimefungula na transport!"

Tukaitisha mkutano. Akawaeleza watu kwa upole kwamba haifai, na kila mmoja akaja kubadilisha, mmoja baada ya mwingine, huku sisi wawili tumesimama dirishani tukitazama malori. Mama mmoja wa uhasibu alipoondoka, Papa Ngoie akaninong'oneza kwamba amesikia midomo yake: ameweka jina la mtoto wa pili. Na yule wa ghala, ambaye Mungu alimbariki watoto wengi, alitoka akitabasamu kama mtu mwenye akiba ya kumfikisha pensheni.

Nami nikaona haya, maana mtoto wangu alikuwa mmoja tu na neno langu lilikuwa Kapinga. Nilibadilisha siku hiyohiyo. Hakuniuliza kitu.

Kabla sijaendelea lazima niwaeleze wageni habari ya lango. Ninyi wa hapa mnaijua. Kampuni yetu ina mlango mdogo wa pembeni, ambao sote tunaingilia na kutokea kila siku, na lango kubwa la malori lenye mabawa mawili. Mfanyakazi hapiti kwenye lango kubwa. Anapita mara moja tu, siku anapomaliza kazi kwa heshima. Siku hiyo mabawa yote mawili yanafunguliwa, wenzake wanamfuata wakiimba, madereva wanapiga honi, wanawake wanatandika vitenge ili asikanyage vumbi. Lakini anayeondolewa kabla ya muda kwa sababu ya afya, yule ambaye daktari amemwandika inapte, anatoka kwa mlango mdogo na karatasi mkononi, kama siku nyingine yoyote. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ni desturi tu, na desturi inauma kuliko sheria.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, ila moja lazima niiandike kwa faida yenu. Ile kabati ya zamani ilipochoka tuliletewa mashine mpya kutoka ng'ambo. Mkurugenzi wa wakati huo, Monsieur Albert, akataka awe wa kwanza kuweka neno lake la siri, akalitia akiwa amesimama palepale kwenye chumba cha mashine. Akarudi ofisini kwake, akakataliwa. Tukamwekea jingine, akakataliwa tena. Akaja juu kama maziwa ya moto: "Nani iko naiba jina yangu?" Watu wakaanza kutazamana vibaya. Papa Ngoie mwenyewe alikuwa amekataliwa asubuhi ileile na alikuwa hajui sababu, tulikuwa tumekwama wote.

Mwishowe akamwambia mkurugenzi, "Chef, tuandike kintu fasi yenye kuonekana. Andika jina yako ya kuzaliwa, pale mashine inauliza ni nani anaingia."

Monsieur Albert akaandika Albert. Kwenye skrini ikatokea Qlbert.

Pale chumbani mashine ilikuwa imeamka na mpangilio wa herufi wa Waingereza, na kibodi yetu ni ya Wafaransa; skrini za idara zilisikia sawasawa. Ukigusa A inasikia Q. Kwa kuwa neno la siri halionekani, kila mtu aliweka neno asilolijua akiamini amelijua. Tulicheka, na mkurugenzi alicheka kutushinda, na kwa muda mrefu jina lake kwenye koridoo likawa Papa Qlbert. Kwa hiyo, vijana wangu, kabla hujabadilisha neno la siri kwenye mashine usiyoizoea, andika kwanza kitu hadharani uone mashine inasikia nini. Imewaokoa wengi, na itawaokoa.

Kisha ikaja miaka ambayo sipendi kuiandika kwa kirefu. Nitaiweka hapa kwa sababu bila hiyo hamtaelewa yanayofuata. Baba yangu alizaliwa Likasi na mimi nimezaliwa Likasi, lakini babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodini, na katika miaka hiyo hilo lilitosha kutufanya wageni. Tuliambiwa turudi kwetu. Kwetu ni wapi, hakuna aliyetuambia. Tulilala kwenye gare na sufuria zetu na magodoro yetu pamoja na maelfu ya watu wengine, tukingoja treni. Ilipokuja tukapanda. Waulizeni wazazi wenu, wa upande wowote. Wengi bado hawapendi kuongea.

Tuliporudi Kapinga alikuwa amekua hadi begani kwangu. Nilienda kampuni bila tumaini lolote, niombe hata ile kazi ya kitambaa. Papa Ngoie, Mkatanga wa kuzaliwa, mtu wa upande uliotufukuza, alinikuta kwenye mlango mdogo. Hakunikumbatia, haikuwa tabia yake. Alinipeleka moja kwa moja hadi kwenye skrini.

"Ingia."

Nikaandika odette. Nikaandika neno langu, lile nililokwenda nalo kwenye treni bila kulitaka, maana vidole havijui kusahau hata ukiviomba. Na mashine ikafunguka.

Nililia pale mbele ya kibodi, nasema wazi. Baadaye nikaja kujua kwamba aliagizwa kufunga majina yote ya walioondoka. Kila alipoulizwa alijibu, "Beko mu congé," yaani wako likizoni. Hakufunga hata moja.

"Lakini papa, na règlement?" nikamwuliza. Yeye ambaye alinigombeza kwa kuacha kikombe karibu na kibodi!

"Règlement inasema tufunge mwenye alitoka. Weye, nani alikuona unatoka kwa lango kubwa?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kupangusa.

Miaka ikaenda. Ujana ni moshi. Root ikahamia mikononi mwangu, kwa sababu macho ya Papa Ngoie yalichoka na yeye mwenyewe alitaka iwe hivyo. Akabaki na kazi ya maagizo ya vipuri, akiingia kwa jina lake kama mtu mwingine yeyote. Ulikuwa umebaki mwaka na kitu afikie lango lake.

Jumatatu moja akaja kwenye meza yangu. "Mama Kapinga, mashine inanikatala."

Si jambo la ajabu, nani hajasahau neno lake? Nikaandika passwd desire, nikainuka, akakaa, nikageukia dirisha. Akasema tayari. Jumatatu iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi nilijitahidi kutotazama juu. Nikiwa dirishani nilianza kusikia mambo. Nilisikia akiandika mara ya kwanza, haraka, kwa vidole vya fundi. Halafu kimya. Halafu mara ya pili polepole, na mashine ikilia kidogo kwamba mawili hayafanani. Alikuwa akisahau kati ya mara ya kwanza na ya pili. Nami nikatazama malori, na machozi yakinitoka sikuweza kuyafuta, kwa sababu angeuona mkono wangu ukienda usoni.

Siku moja nikajaribu kumsaidia kwa utani. "Papa, weka tu jina ya mutoto wa kwanza kama batu bote. Weka Ngoie."

Akacheka kile kicheko chake. "Unataka banisalimie na mot de passe?" Akaendelea kucheka peke yake, kisha kikakatika. "Nalijaribu, mama. Ile siku jina ya mutoto haikukuya."

Mtu ambaye tunamwita Papa Ngoie asubuhi hadi jioni.

Akanyoosha mkunjo wa suruali yake, ambao haukuwa umepinda, akasema tena kwa sauti ndogo: "Bakiyua batanipeleka kwa munganga. Munganga ataandika inapte. Minye siogopi kusahabu, mama. Naogopa mulango mudogo."

Kuanzia siku hiyo nilijua ninalinda nini. Kila Jumatatu nilifika mapema, nikakaa tayari.

Mashine lakini ina tabia ya kuandika kila kitu inachofanyiwa. Alikuwepo mkuu mpya wa kompyuta, chef Trésor, kijana aliyesomea Lubumbashi, mwenye akili na adabu, ambaye sasa ni mkubwa wenu. Atanisamehe nikimtaja. Akaniita.

"Mama Kapinga, angaria hii. Compte ya desire inabadilishwa mot de passe kila lundi. Kuko muntu anaingia mule kwa kuiba. Nifunge, niandikie direction rapport?"

Ningeweza kusema uongo. Ningesema ninafanya majaribio, na angeniamini, kwani aliniamini kwa mambo makubwa zaidi. Lakini uongo ungeishi hadi Jumatatu ijayo tu.

"Hakuna mwizi, chef. Ni mwenyewe. Anasahabu."

Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu liliniuma: "Kama anasahabu mot de passe, mama, atasahabu na commande. Atatumana vis fasi ya pompe, na kule kwenye mutambo kuko batu. Kikitokea kintu, minye njo nitajibu."

Alikuwa na haki: skrubu ikitumwa mahali pa pampu, mtu anaweza kufa mtamboni. Sikubishana naye. Nilikaa, ingawa hakuniambia nikae, nikamsimulia habari ya gare na treni, na ya majina ambayo hayakufungwa. Nikamweleza kuhusu congé. Yeye miaka hiyo alikuwa mtoto, na upande wa mama yake, akaniambia polepole, nao walilala kwenye gare ileile. Hatukuwa tumewahi kuliongea hilo hata siku moja.

Aliifunga ile orodha kwenye skrini. "Basi tumutoshe kwa mashine," akasema, "lakini asitoke kwa kampuni. Bale bapya banaingia kazi, nani anabafundisha? Hakuna. Afundishe yeye. Mwanafunzi anaingia na jina yake mwenyewe, mwalimu hahitaji ya kwake."

Nikamshukuru mpaka akaona aibu. "Lakini nani atamuambia?" akauliza.

Ukubwa ni jaa. Nikamjibu kwamba ni mimi.

Nilimwambia Papa Ngoie dirishani, tukiwa tumesimama bega kwa bega, sote tumeipa kisogo meza na watu. Ni rahisi zaidi kusema jambo gumu kama hamtazamani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nani anayua?"

"Chef. Na minye."

"Basi tuko batatu." Akatazama lori likipanda kwenye mizani. "Kufundisha, nitaweza. Ya zamani yote iko. Ni ya leo njo inakimbia."

Na akaweza. Asubuhi, akili ikiwa bado safi, alikaa na wapya kwenye chumba kidogo, akawafundisha passwd kwa herufi zile na maneno yale, inanyamaza tu, yeye anasikia. Akawafundisha kugeuka. Ungepita pale ungeona vijana wamejipanga dirishani wamempa mwenzao mgongo, na mzee katikati yao akiwa amenyooka. Alipomwita mwanafunzi mmoja kwa jina la mwingine, hakuna aliyemsahihisha. Chef Trésor mwenyewe alikuja siku moja akakaa nyuma, akasema amekuja kujikumbusha.

Siku yake ikafika. Kabla ya kwenda langoni akaingia chumbani kwetu amevaa suti, akauliza kama jina lake limeshafungwa. Nikamwambia nilikuwa ninamngoja. Nikafungua root, nikainuka, nikampa kiti. Halikuwa jambo la kanuni, lakini chef Trésor alikuwepo na alikuwa ametazama nje kwa makusudi kabisa.

Papa Ngoie akaweka vidole juu ya kibodi. Mimi nikageukia dirisha, ingawa hapakuwa na siri yoyote ya kuficha. Nikasikia vidole vikienda bila kusita hata mahali pamoja: passwd -l desire. Nikasikia Entrée.

"Tayari," akasema.

Mabawa yote mawili ya lango yalikuwa wazi. Mama mmoja wa uhasibu alitandika kitenge kipya kabisa, na madereva walipiga honi hadi watu wakatoka nyumbani mwao kuuliza nani anaoa. Alipita katikati, suruali yake haina mkunjo mbaya hata mmoja, na hakuna aliyejua ila sisi watatu.

Juzi, wiki baada ya lango langu mwenyewe, nilikwenda kumsalimu nyumbani kwake Kikula. Nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu kwamba mimi pia nimetoka kwa lango kubwa. Mkewe, Mama Ngoie, alinipokea kwenye ua. "Usikasirike, mama," akaniambia mapema. "Sasa hata minye ananilombaka jina." Papa Ngoie alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na ukuta wa nyumba, mwembamba, na suruali ilikuwa imepigwa pasi. Mkewe anaipiga kila siku.

Nikamwambia habari yangu yote. Akanisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni wa wenyewe.

"Aksanti, mama. Na weye ni mama ya nani?"

"Ya Kapinga, papa."

"Kapinga," akasema. Akalitafuta, nikaona akilitafuta. "Aksanti."

Iliniuma, sitasema haikuniuma. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka nyumbani na bado iliniuma. Nikafikiri, labda picha itasaidia. Kapinga alikuwa amenipiga picha langoni, vitenge vimetandikwa, mimi katikati nalia kama mtoto. Nikatoa simu kwenye mkoba, nikaanza kuandika namba zangu za kuifungua.

Papa Ngoie akajongea kwenye kiti. Akashika mkono wa kiti, akajigeuza polepole, magoti kwanza halafu mabega, mpaka akanipa mgongo kabisa. Mbele yake hapakuwa na dirisha wala mizani, ulikuwa ukuta wa matofali tu. Akautazama.

"Papa, unaangaria nini pale?" mkewe akauliza.

Simu ilikuwa imeshafunguka zamani. Picha ilikuwa imejaa mkononi mwangu na sikuweza kuiona vizuri. Yeye alikuwa bado amekaa vile, mikono magotini, akingoja.

"Tayari, papa," nikasema.

Akageuka.